Ajenda ya Nne

Mabela, Jumanne, baada ya Isha.
Kiyoyozi kinakohoa, chai imeshapoa,
akidi haijatimia: tuko watano,
wa sita bado yuko zamu, hospitali.

Bi Zuwena anaingia, viatu mkononi, radhi mdomoni,
hata maji hajanywa, anafungua daftari la hazina.
Ajenda ya nne: kifaa cha kusikilizia, mtoto Muhannad.
Pungufu, riyali arubaini na mbili.

Kimya.
Hilal akakuna ndevu.
Thuraya akajumlisha tena, kana kwamba hesabu ina huruma.

Mimi katibu. Nimeandika: imepitishwa kwa kauli moja.
Sikuandika bahasha niliyoikuta chini ya sahani ya halwa,
wala kwamba Bi Zuwena, aliyekuja kwa teksi,
aliomba lifti ya kurudi Barka.