Kiazi cha Eudosia

Mashine ya Lugo aliiaga mwezi Machi:
"Damu yangu imechoka kusafiri."

Tangu hapo, kila Alhamisi, Iria hupanda kilima,
mkoba wa dawa begani, viatu matope matupu.
Haanzi na figo.
Huuliza: "Jana usiku uliwashwa wapi?"
Akampaka mafuta mgongoni, taratibu,
akamwekea kipande cha barafu ulimini,
kiu idanganyike.

Viazi huchemshwa mara mbili, maji yote humwagwa,
vikabaki na ladha ya sufuria.

Leo bibi kamshika mkono:
"Kimoja tu, binti. Cha maji ya kwanza. Na chumvi."

Mvua yapiga vigae.
Iria anaitazama miguu iliyovimba,
anatazama dirishani, shamba alilolilima miaka sitini.

"Nusu," anasema,
na kuvuta kiti.
"Nusu nyingine yangu."