Ndimu Isubiri Kesho

Kidonge kilikuja ndani ya kopo la risasi,
kopo juu ya toroli,
na nyuma ya toroli Sista Luvanda, mikono kainyoosha
kama mtu anayempelekea chatu chakula.
"Meza, Subilaga. Usitafune."

Nikameza. Hakina ladha.
Miaka kumi na tisa nimekula mshahara wa ulimi huu,
na kitu kikali kuliko vyote vilivyopita juu yake
hakikuacha hata chembe ya uchungu.

Akasemea mlangoni, mguu mmoja nje:
Kunywa maji. Hata usiku, tega simu ikuamshe.
Chooni mwaga maji mara mbili.
Na hizo ndimu ulizoletewa, leo usiziguse.
Leo ukiyaita mate, dawa nayo itaitika.
Ndimu isubiri kesho, saa kama hizi.
Mashavu uyakande: anzia chini ya sikio,
shuka na taya, polepole,
kama unamkamua ng'ombe asiyekujua.

Nikacheka. Mtu wa Makete,
kwao viazi na baridi,
leo anifundishe kukamua mimi wa Tukuyu!

Kisha mlango ukafungwa na kicheko kikabaki peke yake.

Dirishani, Loleza amejifunika ukungu hadi kidevuni.
Bibi naye alijifunika hivyo, kitambaa shingoni,
Jumapili asiende na rovu lake wazi kanisani.
Mvua yetu, walisema, imeosha kila kitu udongoni.
Ndipo ikaja chumvi yenye madini joto,
shuleni tukaionja kwa kidole, tukasifu.
Mimi wiki mbili hizi nimenyimwa chumvi hiyo,
nimenyimwa maziwa, nimekula ndizi chapwa kama adhabu,
ili shingo ipate njaa,
ili leo ilishwe kile kile, kikiwa na moto ndani.

Daktari alinichorea kwenye bahasha:
tezi ya shingo tumeitoa, mabaki hayaonekani kwa macho.
Dawa ni mgeni atafutaye nyumba iliyobomolewa.
Lakini jirani, tezi za mate, hazina ubaguzi,
anayebisha hodi zinamkaribisha.
Ndiyo maana ya maji. Ndiyo maana ya ndimu.
Mgeni apite, asilale.

Hakuniuliza kazi yangu.
Kiwandani vikombe arobaini kwa mstari,
navuta chai kwa kelele ambazo mama angenichapa,
naizungusha, natema ndooni, nasogea.
Mate ndiyo yanayoujua ukakasi.
Kinywa kikavu hakijui chai ya mlima gani, ya wiki gani;
kinajua maji ya moto, basi.
Wengine humezea mate vya watu.
Mimi usiku huu namezea mate
mate yangu mwenyewe.

Saa nane, simu. Maji.
Saa tisa, simu. Maji, na kukanda.
Ndimu mezani, tano, za Kyela,
Ambakisye amezipanga kwa ukubwa kama watoto wa shule.
Kuzitazama tu taya likasisimka.
Nikazifunika na taulo.

Asubuhi alisimama nje, chini ya dirisha, simu sikioni.
"Umekula?"
"Nimekula."
"Usidanganye."
Tukanyamaza. Salio likaliwa na kunyamaza.

Saa ilipotimia nilikata ndimu kwa kisu cha plastiki,
kisu kikapinda, nikamalizia kwa meno.
Kulia, mate yalikuja mbio kama mbwa aliyesikia sufuria.
Kushoto, kimya.
Chini ya sikio pamevimba kidogo, panauma.
Nikakanda. Nikahesabu. Nikakanda tena,
nikamsamehe Luvanda na ng'ombe wake.

Mwisho likaja tone,
moja, zito, lina ladha ya bati.
Nikalizungusha ulimini kama ilivyo kazi yangu,
nikatafuta ndoo kwa mazoea.

Sikulitema.