Pipa la Ilagala

Maji ya mawese yakishaachwa na mafuta
hayana rafiki.
Ni mazito, rangi ya kutu, yananuka uchachu.
Miaka kumi nimeyamwaga mtaroni,
yakaenda kuua kambale wa Malagarasi
nami nikajifanya sikuona.

Ntiruhungwa alikuja na pipa la bluu,
akalipaka lami nje, giza lisitoboke.
Akachemsha tope la bwawa
kwenye sufuria yangu ya ugali
(sijamsamehe).
"Walafi wa gesi wafe," alisema, "wagumu wabaki."
Akatia maji yangu, majivu kidogo, akafunga.

Siku ya kwanza, kimya.
Siku ya pili, kimya, na mume wangu akacheka.
Usiku wa tatu nikasikia pipa linanong'ona
kama pombe ya ndizi ikianza kupata akili.

Kulipokucha, tyubu ya baiskeli imevimba.
Akafungua mrija, akawasha.
Paa!
Kisha hakuna kitu.
"Umezimika," nikasema.
"Weka mkono juu. Mbali."
Niliurudisha mbio: moto upo, hauonekani.

Hautoshi hata chai, nakiri,
na hidrojeni ni jina linaloniteleza mdomoni.
Lakini alishika juu yake sahani baridi ya bati,
bati likatoka jasho,
jasho likawa tone.
Nikalilamba kwa kidole.

Maji.
Hayana kutu, hayana harufu.

Nikatazama kule mtoni.
Debe la pili lilikuwa bado mkononi mwangu,
limejaa.