Muhuri wa Kileleni

Saa kumi na moja alfajiri, Juni.
Gari la Vid lilinuka mbwa aliyelowa
na kahawa iliyomwagika tangu majira ya baridi.
Neža kiti cha mbele, na ramani
ambayo hakuna aliyeihitaji.
Zdenka nyuma, pembeni yangu, kaegemea dirisha,
anajifanya amelala
ili asiulizwe habari za goti.

Njia ilianza kwa upole, kama mgeni aliyekuja kukopa:
kwanza salamu ndefu,
kijito, daraja la mbao,
ng'ombe wenye kengele shingoni
wakitukagua kama maofisa wa forodha.
Kisha, bila kumung'unya maneno, ikataja shida yake:
mita elfu moja na mia mbili, zote za kwenda juu.

Msituni tulifuata alama za rangi,
duara jekundu lenye mboni nyeupe,
Vid akizihesabu kwa sauti
mpaka Neža akamwambia achague,
anyamaze au abebe maji ya wote.
Akabeba maji. Akaendelea kuhesabu.

Miti ikafupika. Ikapiga magoti.
Misonobari ikawa ya kutambaa tu,
halafu ikaisha, mawe yakashika zamu.
Kila tulichodhani kilele kilikuwa bega,
na juu ya bega, bega jingine.
"Mlima huu hauna shingo," alisema Zdenka.
Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

Karibu na juu, pale waya wa chuma ulipopigiliwa mwambani,
kiangazi kilikuwa hakijafika.
Theluji ilijaza korongo,
ya kijivu, ngumu, imeumeza waya.
Hatua arobaini, labda hamsini.
Vid alishaanza kuchonga vidato kwa ncha ya kiatu.

Zdenka akaitazama theluji,
akalitazama bonde,
akaketi juu ya jiwe lililopata jua
akafungua mkate wake.
"Mimi nimefika."
Hakusema nimechoka. Hakusema naogopa.
Nimefika, kama abiria anayeshuka kituo chake.

Tulimbembeleza, kwa aibu yetu
zaidi ya kwa ajili yake.
Akatupungia kisu chenye siagi:
"Si aliye juu mngoje chini?
Nendeni. Nawangoja."

Kileleni palikuwa na upepo
na wazee wawili wa Kranj
wakibishania jina la mlima wa mbali.
Mandhari? Ilikuwa kubwa.
Mimi nilikuwa nikitazama nyuma.

Kwenye kisanduku cha bati: daftari lililovimba kwa unyevu,
kidonge cha wino kilichokaribia kukauka,
muhuri wa mpira, umefungwa mnyororo
kama mbuzi wa jirani.
Neža akaandika majina yetu matatu.
Kalamu ikasita hewani.
Akaandika la nne.
"Futa," alisema Vid. "Ataona tunampa sadaka."
Akalifuta, lakini kwa mstari mmoja tu, mwembamba,
unaoacha kila herufi isomeke.

Nikatema mate juu ya wino.
Nikaugandamiza muhuri kwenye kiganja changu,
nikafumba mkono nusu, kama aliyeshika kifaranga,
nikashuka vile vidato
nikimtukana kila aliyesema polepole.

Alikuwa bado kwenye jiwe lake,
kavua kiatu kimoja, makombo mapajani.
"Leta mkono," nikasema, nikihema.
Kiganja kwa kiganja. Nikahesabu mpaka kumi.

Akautazama mkono wake. Akainamisha kichwa huku, akainamisha kule.
"Jina limekaa kinyume."
"Ndiyo, kwa sababu..."
"Usinieleze," akasema. "Huu ndio mlima wangu.
Wenu unaangalia upande mwingine."

Kwenye kibanda cha wapanda milima, saa tisa,
alikunywa supu ya shayiri kwa mkono wa kushoto,
wa kulia kaulaza mezani,
kiganja juu,
unakauka.