Hodi ya Jalidi

Basilia amevimwaga viazi vichungu nyasini,
vipigwe jalidi, avikanyage peku alfajiri.
Nje ya mlango, ndoo ya maji:
akichovya kidole kikazama, harudi kulala.

Bondeni baridi ni adui wa mahindi.
Huku juu, mwezi wa Juni, ndiyo ghala:
huviacha viazi vyepesi kama vizibo,
akiba ya miaka.

Zamani haikupiga hodi. Sasa
yaitwa, haiitiki.
Usiku wa tisa, mawingu yameifunika Apolobamba,
na viazi vinalainika, vinanuka.

“Tuviuze vibichi,” asema Fortunato.
Kwa nani? Kila uwanja una lundo lake.

Anavigeuza kimoja kimoja.
Kisha anavua shali,
mabega wazi,
kama anayemwachia mgeni mlango.