Cha Kujazia Pengo

Chetezo cha kwanza nilichouza kilifika Sur
kikiwa vigae kumi na saba.
Mteja alivihesabu. Alivipanga mkekani kwa ukubwa
kama mtu anayeanika dagaa, akapiga picha.
Hakunitukana. Aliandika tu: Bibi, kimefika.

Nikamrudishia riali zake sita na nauli juu,
nikakaa kizingitini, Bahla, boksi tupu magotini:
kati ya udongo na bati la gari
nitie nini?

Shemeji Ghusn hakuinua macho gurudumuni.
"Kazi yangu inaishia tanuuni," akasema.
"Huko mbele ni wewe, na Mungu, na barabara."

Barabara naijua. Boksi hupakiwa kwa goti,
hushushwa kwa kurushwa.
Lile TARATIBU nililoandika kwa wino mwekundu
dereva alidhani ni jina la mteja.

Basi nikajaribu.
Plastiki ya mapovu, baisa mia mbili kwa mita:
watoto wakaipasua nusu kabla ya alasiri,
tap, tap, tap, mvua tuliyoisahau.
Iliyobaki ilipambana na Julai ndani ya gari lililofungwa,
ikafika imenywea, shavu la kibogoyo.

Halafu punje nyeupe, nyepesi kuliko ahadi.
Ziliganda kwenye baibui, kwenye nyusi, kwenye halua.
Safarini chetezo kilizama ndani yake
hadi kikaketi chini kabisa, uchi, ubavu kwa kadibodi.
Kumbe kujaza si kushika.

Randa za seremala Habibur: zanukia, tena bure.
Lakini vumbi lake liliingia kila tundu la nakshi,
na huko Kuwait forodha walizichokoa kwa kalamu
wakitafuta mdudu.

Mdudu alikuwa kwenye kilifu cha mtende.
Nilikichambua mwenyewe, vidole vikachubuka;
nge mdogo akatoka, akanitazama,
nikampisha.

"Tia bisi," akasema dada yangu Shinuna,
"wakizila, hasara yao."
Tulicheka sisi. Sisimizi hawakucheka, walikuja.

Kila usiku nalitikisa boksi sikioni.
Likijibu, nalifungua.
Moja nililishindilia mpaka likawa bubu,
nikajisifu;
chetezo kilivunjika shingo kwa kukumbatiwa.

Ndipo Mundhir wa Shinuna akamaliza darasa la nne,
akanitupia madaftari yake: "Haya yamekwisha kazi."
Nikayachana, nikayafinyanga ukurasa kwa ukurasa,
kwa mkono mlegevu, kama tonge la mtoto,
pembeni, chini, juu,
na moja kinywani mwa chetezo.
Mundhir akaliangusha boksi ngazini mara tatu
kwa furaha isiyohitajika.
Kimya.

Likaenda Sur, kwa yule yule. Sikumdai.

Siku ya tisa ikaja bahasha.
Hakuna neno juu ya chetezo.
Kurasa nane, zimenyooshwa, nadhani kwa pasi,
na wino mwekundu:
*Saba mara nane si hamsini na nne.
Rudia, mara kumi.
Mwandiko wapendeza.*

Mundhir alinuna hadi magharibi.
Kisha akatafuta penseli, akaandika mara kumi,
akaniletea ukurasa bila kuukunja.
"Huyu mwalimu ataagiza tena lini?"

Nikamwambia, chetezo kizima hakiagizwi mara mbili.

Akatazama rafu.
Akatazama ngazi.

Tangu siku hiyo boksi za Sur nazifunga mwenyewe,
na mlango nimeutia komeo.