Kumi na Moja Hazikuaga

Tartu, Januari. Hillar amepiga magoti
kwenye sakafu ya mbao, laptopu juu ya kigoda,
anahesabu: pakiti mia zimetumwa,
themanini na tisa zimerudi.
Kumi na moja hazikuaga.

Kisanduku cha kwanza, mlangoni, taa ya kijani.
Cha pili, chumbani, kijani pia. Mwongo.
Amebadili chaneli, amezima maikrowevu,
amemlaani jirani wa chini, kisha
akainong'oneza sakafu: samahani.

Kwenye skrini bintiye Maarit, aliye Halifax,
mdomo wazi, kijiko hewani, ameganda:
"Baba, nime—"
Nime nini? Nimeshiba? Nimeachwa?

Usiku wa manane ndipo alipokitazama
kioo cha marehemu Aino, kirefu kama mlango,
zebaki mgongoni, kimeegama ukutani
kati ya kisanduku na kisanduku,
kikirudisha kila kinachotumwa.

Alikibeba kwa kukikumbatia,
hatua, pumzi, hatua,
hadi nyuma ya kabati.
Akatuma mia. Zikarudi mia.

Ukutani pamebaki mstatili mweupe.
Asubuhi alisimama mbele yake, kwa mazoea,
akachana nywele.